Tundu, Choo na Maliwato: Lugha ya Kanuni za Vyoo vya Wateja

Wafasiri wetu wamezoea kuletewa kazi za heshima: hotuba, mikataba, katiba na tamthilia. Ni nadra mtu kuja na kanuni za vyoo mkononi akaomba zisemwe kwa Kiswahili. Hata akija, yeye huja akitahayari kidogo, nasi humpokea tukicheka kidogo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kicheko hicho hakina mahali pake. Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya nayo, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kila kanuni, hata iwe ndogo namna gani, ina haki ya kubisha hodi mlangoni kwa mfasiri. Kanuni za majengo zitabisha, na ndani yake mna sura ya vyoo.

Tumechagua kuhakiki matini moja ya kigeni, nayo ni Kanuni ya Kimataifa ya Mabomba itumiwayo sana Marekani, hasa vifungu vyake vihusuvyo vyoo vya wateja katika nyumba za chakula. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, vifungu hivyo vimeandikwa kwa tarakimu na vipimo, na kwa hiyo kosa la mfasiri laweza kupimwa kwa rula. Pili, wako wasemaji wa Kiswahili huko huko Marekani, hasa Wakongo na Warundi waliopewa makazi baada ya kukimbia vita. Na ye yote kati yao atakaye kufungua mgahawa hana budi kukutana na kanuni za namna hii.

Tuanze na jina lenyewe, maana linaweza kumpotosha msomaji kabla hajafungua jalada. Neno “kimataifa” kwetu huashiria mkataba uliotiwa saini na mataifa. Kanuni hii si mkataba. Hutolewa na Baraza la Kimataifa la Kanuni, chombo kilichoundwa mwaka 1994 na vyama vitatu vya Kimarekani vya kanuni za majengo. Tena si sheria kwa nafsi yake. Ni kielelezo ambacho hakipati nguvu mpaka jimbo au jiji likipitishe, na mara nyingi hupitishwa baada ya kufanyiwa mabadiliko. California, kwa mfano, hufuata kielelezo kingine. Mfasiri atakayeandika “sheria ya kimataifa ya vyoo” atakuwa amekipa kitabu hicho cheo ambacho wenyewe hawakukipa. Sisi tunapendekeza “kanuni kielelezo”, maneno mawili yanayomwambia mtumishi wa serikali mara moja kwamba hajasoma bado sheria ya mahali alipo.

Yaliyomo

Kwa ufupi, kielelezo hicho chasema hivi. Jengo lililokusudiwa kutumiwa na umma sharti liwe na vyoo kwa ajili ya wanaoingia humo. Wafanyakazi nao sharti wawe na vyoo, ama vyao peke yao ama vya kutumia pamoja na umma. Katika migahawa, hesabu ni choo kimoja kwa kila wanaume 75 na kimoja kwa kila wanawake 75, na beseni moja la kunawia mikono kwa kila watu 200. Njia ya kwenda chooni isipite jikoni, wala stoo, wala katika vijumba vya kuhifadhia vitu. Isizidi futi 500, yaani mita 152 hivi. Wala choo kisiwe mbali zaidi ya ghorofa moja, juu au chini. Vyoo vinavyodaiwa na kanuni vitumiwe bila malipo, na atakaye kujenga vyoo vya kulipia avijenge juu ya idadi hiyo. Kibao cha kuelekeza kiwekwe mahali panapoonekana kutoka mlango mkuu. Mwishoni, duka la mauzo ya papo kwa papo, ambalo eneo linalofikiwa na umma halizidi futi za mraba 300, yaani mita za mraba 28 hivi, limesamehewa wajibu wa kuwa na choo cha wateja.

Msomaji atasema: hapa pana ugumu gani? Lugha ni nyepesi, na kila mtu anajua choo ni nini. Hapo ndipo penye mtego.

Choo kinachohesabiwa

Neno letu “choo” limebeba mizigo mingi. Ni jengo dogo lililo nyuma ya nyumba. Ni chumba ndani ya nyumba. Ni chombo chenyewe kilichojengewa sakafuni. Na hospitalini ni kile mgonjwa anachoambiwa akilete katika kichupa. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini kanuni isemapo choo kimoja kwa watu 75, ni choo kipi kinachohesabiwa? Ikiwa ni chumba, basi chumba kimoja chenye nafasi tano ni choo kimoja. Ikiwa ni chombo, ni vyoo vitano. Mwenye mgahawa na mkaguzi watabishana, na kila mmoja atakuwa na Kiswahili sanifu upande wake.

Kiingereza cha kanuni hizo hakitusaidii, bali chatuongezea shaka. Chombo chenyewe huitwa “water closet”, maneno ambayo yakitazamwa moja moja yaweza kuzaa “kabati la maji”. Baada ya hapo laja neno “lavatory”. Mfasiri aliyelelewa na Kiingereza cha Uingereza ataandika “choo” bila kusita, kwa kuwa huko ndiyo maana yake ya kila siku. Katika kanuni za Kimarekani neno hilo ni beseni la kunawia mikono, wala si kitu kingine.

Na tupime kosa hilo. Chukua ukumbi wa kulia wenye futi za mraba 3,000. Kanuni za majengo huko hukadiria futi za mraba 15 kwa kila mtu aketiye mezani. Basi ukumbi huo ni wa watu 200. Hugawanywa nusu kwa nusu: wanaume 100 na wanawake 100. Kwa hesabu ya mmoja kwa 75, na kwa kuwa sehemu ya kitu hupandishwa kuwa kizima, kila upande hupata vyoo viwili, jumla vinne. Na kila upande hupata beseni moja, jumla mawili. Sasa mpe mkaguzi tafsiri ambayo neno “choo” limeandikwa katika safu zote mbili. Ataona choo kimoja kwa watu 75, na pembeni yake choo kimoja kwa watu 200. Mwenye mali atashika safu iliyo rahisi, na watu 100 wa upande mmoja watapanga foleni kwenye choo kimoja. Zaidi ya hayo, beseni la kunawia mikono, ambalo katika nyumba ya chakula lina uzito kama wa choo chenyewe, litakuwa limefutika katika kanuni kwa kosa la neno moja.

Dawa ya ugonjwa huu tunayo nyumbani, wala hatuna haja ya kuagiza istilahi kutoka nje. Kila mwalimu wa Tanzania anajua kuhesabu vyoo vya shule: hatusemi vyoo vingapi, twasema matundu mangapi. Mwongozo wa shule umetaka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kuuliza tundu ni chumba au ni jengo. “Tundu la choo” ni kipimo kilichokwisha kufanya kazi katika taarifa za wilaya. Tunapendekeza kitumiwe pia katika kanuni za majengo.

Tunajua litakaloletwa kama pingamizi: kwamba neno “tundu” lina harufu ya choo cha shimo, na kwamba mgahawa wenye marumaru na bomba la kuvuta maji utaona haya kuitwa wenye matundu. Jibu letu ni kwamba kanuni haiandikwi ili kumpendeza mwenye marumaru. Tena fadhila ya neno hili ni kwamba halichagui kati ya choo cha kukaa na choo cha kuchuchumaa. Linahesabu nafasi ya mtu mmoja, basi.

Tasfida na sheria

Kiswahili ni lugha yenye adabu katika jambo hili. Mtu huenda msalani, huenda uani, huenda haja, huenda kujisaidia, na mgeni mwenye haya huuliza tu, “Maliwato yako wapi?” Adabu hiyo ni mali yetu na hatutaki ipotee. Lakini mahali pake ni kinywani. “Msala” ni choo, na vile vile ni mkeka wa kusalia. Sentensi ya sheria isemayo kila jengo liwe na msala yaweza kutimizwa kwa kutandika mkeka. “Haja” ni haja ya kila namna. “Uani” ni nyuma ya nyumba, na nyumba za ghorofani hazina ua.

Kwa hiyo tunatenganisha kazi tatu. Pale kanuni inapohesabu, na iseme “tundu la choo”. Pale inapotaja chumba chenye matundu na mabeseni pamoja, na iseme “maliwato”, neno lenye adabu ambalo maana zake si nyingi kiasi cha kupotosha. Pale inapotaja wajibu wa jumla wa mwenye jengo, neno “choo” latosha. Na kwenye kibao cha mlangoni, ambako msomaji ni mtu mwenye haraka, tusiweke istilahi yo yote mpya: “WANAUME” na “WANAWAKE” yanafahamika tangu zamani.

Hoteli isiyolaza mtu

Neno la pili la hatari ni “hoteli”. Katika miji yetu hoteli ni mahali pa kula wali na maharage, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Ndiyo maana watu husema “hoteli ya kula” na “hoteli ya kulala”. Katika kanuni tunayoihakiki, haya ni majengo ya makundi mawili tofauti: nyumba ya kulala wageni hudaiwa choo kwa kila chumba cha kulala, na nyumba ya kula hudaiwa kwa idadi ya walaji. Mfasiri akiandika “hoteli” kote kote, atakuwa amemdai mpishi wa chapati vyoo vya vyumba asivyo navyo, au amemsamehe mwenye vyumba mia. Twaona yafaa “mgahawa” liwe la kula, “nyumba ya kulala wageni” liwe la kulala, na “hoteli” lisiingie katika kanuni ila kwa fasili iliyoandikwa mwanzoni.

Msamaha wa duka dogo nao una mtego wake. Chakula cha kuchukua, kile ambacho mteja humwambia muuzaji “nifungie”, kina masharti mepesi kwa sababu mnunuzi hakai. Lakini kipimo cha futi za mraba 300 ni cha eneo linalofikiwa na umma tu. Mfasiri akiandika “eneo la duka”, jiko na stoo vitaingizwa katika hesabu, na mwanamke mwenye kidirisha cha kuuzia na jiko kubwa nyuma yake atanyimwa msamaha aliopewa. Kosa la istilahi halina upande: leo humwonea mlaji, kesho humwonea mwuzaji.

Ni nani mteja?

Sasa twafika kwenye neno lililo zito kuliko yote. Kanuni hiyo haisemi tu kwamba choo ni cha wateja. Hutaja watu wa aina tatu mfululizo, na la pili kati ya maneno hayo ni “patron”. Kamusi nyingi zitampa mfasiri “mlezi” au “mfadhili”, na tafsiri ya kamusi itadai vyoo kwa ajili ya “wateja, wafadhili na wageni”, kana kwamba mgahawa ni chama cha wanafunzi kilichomwalika mlezi wake. Mwingine, akitaka kukwepa aibu hiyo, atayakusanya maneno yote matatu katika neno moja, “wateja”. Hili ndilo kosa baya zaidi, kwa kuwa linasomeka vizuri.

Mteja ni nani? Kwa mganga ni yule anayetibiwa. Dukani ni anayenunua, au aliyezoea kununua. Je, aliyeingia kumsubiri mwenzake kabla ya kuagiza? Mtoto aliyeshikwa mkono na mama anayenunua? Mzee aliyemsindikiza mjukuu? Watunga kanuni walitaja watu wa aina tatu ili maswali haya yasiachwe mikononi mwa mhudumu wa zamu.

Kwamba swali hili si la darasani tu, historia ya karibuni imeonyesha. Aprili 2018, katika mkahawa mmoja wa Starbucks mjini Philadelphia, wanaume wawili weusi waliokuwa wakimsubiri mtu walitiwa mbaroni na polisi. Mmoja wao alikuwa ameomba kutumia choo, akaambiwa ni cha wanaonunua. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba ye yote aingiaye aweza kukaa na kutumia choo bila kununua. Januari 2025 ikageuza tena, ikataka choo kiwe cha wanunuzi. Katika muda usiotimia miaka saba, neno “mteja” lilipanuliwa kisha likabanwa, na kila mara walioathirika ni watu, si kamusi. Jimbo la Illinois nalo, mwaka 2005, lilitunga sheria ya kuwaruhusu wateja wenye maradhi fulani, kama ya matumbo, kutumia choo cha wafanyakazi katika maduka yasiyo na choo cha umma. Hapo tena yatubidi tuulize kama mgonjwa huyo sharti awe na risiti mkononi.

Sisi hatusemi hapa kampuni ifuate sera gani. Twasema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuamua jambo hilo kwa siri, kwa kuchagua neno finyu. Tunapendekeza maneno matatu kwa matatu: “wanunuzi, walaji na wageni”. Neno “mlaji” limekwisha kutumiwa katika mambo ya biashara kwa maana ya mtumiaji wa bidhaa, na katika nyumba ya chakula linarudi kwenye maana yake ya asili. Na “mgeni” katika Kiswahili hahitaji risiti. Ni mtu aliyepiga hodi akakaribishwa.

Maneno madogo

Mawili mengine tuyataje kwa haraka. Kwanza, kanuni husema vyoo hivyo viwe vya bila malipo. Tusiandike “vya bure”, kwa kuwa “bure” ni pia kisichofaa kitu, na mwenye kusoma kwa hila atasema ametoa choo bure kweli kweli. Jambo hili latuhusu moja kwa moja sisi tuliozoea vyoo vya kulipia katika stendi za mabasi na masoko: kanuni ya Kimarekani haikatazi biashara hiyo, bali yakataza isihesabiwe kuwa ni kutimiza wajibu.

Pili, neno “shall”. Wafasiri wengi hulitia katika wakati ujao: “mgahawa utakuwa na choo”. Mwenye mgahawa hujibu kwamba naam, utakuwa nacho, Mungu akipenda. Wengine huandika “unapaswa” au “yafaa”, na amri ikageuka nasaha. Twashauri “sharti” pamoja na hali tegemezi: “mgahawa sharti uwe na choo, njia yake isipite jikoni.” Hapo hakuna ubishi, na hata sababu hujionyesha: mlaji mwenye viatu vya barabarani hana kazi kati ya masufuria.

Hitimisho

Kuna watakaosema kwamba neno peke yake halijengi choo. Ni kweli. Twajua nyumba nyingi za chakula ambazo choo kipo kwenye ramani na ufunguo umepotea. Lakini mkaguzi atakayeudai ufunguo huo sharti awe na sentensi ya kusimamia, na mama mwenye mtoto, mgonjwa wa kisukari na mzee aliye mezani sharti waweze kuisoma sentensi hiyo wenyewe katika lugha wanayoijua. Kanuni iliyofasiriwa ovyo humlinda yule tu mwenye wakili.

Kwa hiyo twaiweka mbele ya wasomaji orodha hii fupi: kanuni kielelezo, tundu la choo, beseni la kunawia, maliwato, mgahawa, nyumba ya kulala wageni, eneo linalofikiwa na umma, wanunuzi na walaji na wageni, bila malipo, sharti. Karibu yote ni maneno ya zamani. Tulichofanya ni kulipa kila moja kazi moja. Wakaguzi wa afya na mafundi watakuwa na mengine yaliyo bora, hasa majina ya vifaa ambavyo sisi wa vitabu huviona tu vikiwa vimekwisha kufungwa. Tunawaomba watuandikie, na watueleze neno hilo hutumiwa wapi na nani, ili lipimwe kabla halijaingia katika sheria.